Krenki ya Leodgar

Miaka kumi Masoud, fundi pikipiki wa Kerege, aliwaapia wateja kwamba kubadili krenki, mhimili wa injini, ili pistoni ipande na kushuka zaidi na pikipiki ipate nguvu, ni kujisumbua bure. Leodgar, fundi wa ng'ambo ya barabara, akambadilishia krenki Tatu, mteja wa Masoud wa siku zote. Sasa Tatu alipanda kilima cha kutokea Fukayosi na matenga mawili ya mananasi bila kushuka kusukuma, na gengeni hapakuwa na habari nyingine.

Tatu aliposimama kumsalimu, Masoud, roho ikimuuma, aliung'ang'ania usukani wa pikipiki akitafuta kasoro.

"Inatetemeka mno hii," alisema. "Haifiki Ramadhani."

Tatu aliitazama mikono ya Masoud.

"Injini nimeshaizima, fundi."