Mkoba wa Kutembelea

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga hadi alipostaafu, na nusu ya mtaa wetu ilipokelewa duniani kwa mikono yake. Si mtu wa makuu hata kidogo. Ndiyo maana nilishangaa siku aliponivuta jikoni na kuninong'oneza, "Mwanangu, nautaka ule mkoba."

Tuliuona kwenye televisheni, begani mwa mwigizaji: wa kahawia, una kikufuli cha dhahabu mbele. Nilicheka, nikamwambia orijino yake ni bei ya kiwanja.

"Nani kataja orijino? Kuna mama anauza kopi, ghorofani juu ya duka la dawa."

"Mama! Mimi ni mwalimu. Anayenakili kazi ya mwenzake nampa sifuri, leo nikusindikize ukanunue kitu kilichonakiliwa?"

"Sikuja kufanya mtihani," akasema, akitafuta viatu vyake.

Jumamosi tukapanda ngazi. Chumba kilinuka gundi, mikoba imening'inia hadi darini. Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani kichwani, hakutuzunguka.

"Simdanganyi mtu. Hii ni kopi. Hizi ni kopi za kopi. Na zile za pembeni, jina la kampuni limekosewa herufi, nawauzia wasiojali kusoma."

Nilishika ule wa kahawia nikaukagua kama daftari la mwanafunzi mvivu. Zipu ilikwama katikati, na ngozi ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi. Kando yake palikuwa na mkoba mweusi usio na jina lolote, ngozi tupu, mshono umekazwa, na bei ni ileile.

"Chukua huu, Mama. Utakaa mpaka wajukuu waurithi. Tena huu haujaiba ubunifu wa mtu."

Hakunibishia. Alisimama mbele ya kioo, akauvaa mweusi. Akaonekana mama wa heshima zake, kama siku zote. Akauvaa wa kahawia. Bega likapanda, kidevu kikainuka, akajicheka mwenyewe.

"Unayosema ni kweli tupu," aliniambia. "Lakini maisha yangu yote nimebeba mikoba ya kudumu, imejaa glavu na pamba. Sasa nataka wa kutembelea. Ukichanika, utakuwa umenichekesha kwanza."

Akalipia wa kahawia. Tukashuka na kopi yetu.

Wiki iliyofuata wakunga wastaafu walikutana kwenye ukumbi wa hospitali, nami nikampeleka. Alipoingia, akaganda mlangoni. Mezani palikuwa na mikoba miwili ya kahawia yenye vikufuli vya dhahabu. Mmoja ulikuwa wa Sista Mkuu, bosi wake wa zamani, ambaye aligombana naye kwa sababu ya zamu za kazi na tangu hapo salamu zao zilikuwa za kutikisa kichwa tu.

Sista Mkuu akautazama mkoba wa mama mkwe, akautazama wake.

"Huo wako ni orijino?"

"Orijino kama meno yako," akajibu mama mkwe.

Sista Mkuu akacheka hadi akayashika hayo meno yasimtoke, na wote wakaangua kicheko.

Nyumbani, mama mkwe alifungua mkoba, akakuta peremende, miwani isiyo yake na picha ya watoto asiowajua. Walikuwa wamebadilishana bila kujua. Kesho yake Sista Mkuu akabisha hodi, mkoba mkononi. Alisema amekuja kwa dakika chache tu, akaondoka jua linazama.

Mkanda wa mkoba ulianza kubanduka hata kabla mvua hazijaisha. Mimi nilijua utabanduka, nikasema, na mama mkwe akakubali kwamba nilisema. Ukiniuliza kuhusu ubora wa bidhaa, bado nitakwambia ununue ule mweusi. Ukimuuliza yeye, atakwambia hajajuta hata siku moja.

Siku hizi nikirudi kutoka shuleni nawakuta wawili hao sebuleni, viatu wamevua, miguu juu ya kigoda, wanabishana ni nani hasa aliyempokea diwani wetu, ambaye inasemekana alizaliwa kwa kutanguliza miguu. Hawajaafikiana, na hakuna anayeonekana kuwa na haraka ya kuafikiana.