Kuiaga Nyama

Daktari alisema figo zimechoka, nyama basi. Mzee akaitikia kwa adabu, akavaa kofia, akapitia kwenye bucha lake na kurudi nyumbani na mbavu kilo mbili. Ndivyo alivyo. Miaka arobaini kashika kisu, leo aambiwe ale kabichi!

Binti yake, mhariri wa kamusi, alibembeleza mpaka akachoka. Mama yake alifariki kwa ugonjwa huohuo wa figo, na yeye hakuwa tayari kubaki yatima kwa ajili ya mbavu. Lakini mzee alikuwa na jibu moja tu: nyama imemlisha, imemsomesha na huyo mhariri mwenyewe, iweje leo aondolewe sahani kama mwizi?

Alasiri hiyo binti alitandaza karatasi zake kwenye meza ya baba, amefikia neno kanivali. Kazini humwita Bi Wembe, maana kosa halimpiti. Wataalamu wengi husema neno hilo lilitokana na Kilatini, kuondoa nyama: watu walikula na kucheza, kisha Kwaresima ikiingia nyama inatoka jikoni. Wengine husema maana yake ni "nyama, kwaheri". Hayo ya pili Bi Wembe aliyaona porojo, akayapiga mstari mwekundu.

Akamtazama baba akinoa kisu, moyo ukamuuma. Bila kuinua macho akasema kanivali asili yake ni kuiaga nyama. Watu waliila kwa heshima na ngoma, wakaipa kwaheri wenyewe. Hakuna aliyenyang'anywa.

Mzee akaacha kunoa. Akauliza kama walivaa vizuri. Akaambiwa walipendeza sana.

Basi Jumamosi wakafanya kanivali ya watu wawili. Mzee kavaa koti lake la harusi, redio juu, mbavu zikaliwa mpaka mifupa ikang'aa. Kisha akaosha kisu, akakifunga kwenye gazeti, akampa binti.

"Kitunze," akasema. "Na karatasi yako usiibadilishe kwa ajili yangu. Mstari mwekundu niliuona."

Binti akataka ardhi immeze. "Sasa mbona ulikubali, baba?"

"Wewe hujawahi kupitisha kosa, mama. Ulipolipitisha hilo, nikajua umeogopa kweli."

Akavuta bakuli la kabichi, akaonja, akakunja uso, akajiongezea.