Odeta Hajakandwa

Ujumbe wa Luhende ulikuwa mfupi: "Mke wangu ametoka kujifungua. Naomba apumzike hapo kwenu zile siku tatu." Mimi ndiye niliyeupokea, na niliufurahia kuliko ujumbe wowote tangu nianze kazi ya mapokezi pale Mwamba Mweupe.

Hoteli yetu ni ndogo. Ina vyumba sita kando ya ziwa, mwendo wa nusu saa kutoka Mkolani, chumba cha masaji, na gati linaloingia majini. Bango la barabarani linasema tunafundisha kuzamia. Mwalimu ni Ngosha, aliyejifunza kazi hiyo Zanzibar, ila wageni wa mjini wakimwona na mtungi wake wa hewa mgongoni huuliza swali moja tu: "Na mamba?" Kwa hiyo mara nyingi yeye huzamia kutafuta simu zilizowaponyoka watu wakijipiga picha gatini. Vyuma vya gati hilo alivichomelea Luhende, fundi wa Igoma. Meneja aliipenda kazi yake hata akamwahidi mapumziko ya siku tatu, wakati wowote atakaotaka.

Nilikuwa na shahada ya ustawi wa jamii na miezi minne kazini, na niliamini kwamba ukimtendea mtu wema kwa moyo wote huwezi kukosea. Nikaazima kitanda cha mtoto kwa jirani, nikakitandika shuka la manjano, nikafunga maputo dirishani. Mama Evelina, mpishi wetu, akapika uji wa ulezi, akajaza chupa mbili za chai.

Odeta alifika Ijumaa kabla ya saa sita. Luhende alimshusha getini, akageuza pikipiki kurudi kwenye karakana yake bila kuingia ndani. Yule dada alishika begi moja dogo.

"Karibu, dada! Hongera sana! Mtoto amebaki nyumbani?"

"Hayuko."

"Ah, yuko na bibi. Vizuri, utalala usingizi wa kutosha."

Nilimtangulia, nikamfungulia mlango huku natabasamu. Aliangalia kile kitanda kidogo. Akaangalia maputo. Kisha akaketi sakafuni polepole, mkono mmoja ukiwa bado umeshika ukuta.

"Alifariki," alisema. "Aliishi siku mbili. Leo ni wiki tano. Luhende hakukwambia?"

"Aliandika tu kwamba umejifungua."

"Hakudanganya. Nilijifungua." Alifuta uso kwa kiganja. "Hilo lingine hajawahi kulitamka, hata kwangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikamata kitanda ili nikitoe, kikakwama mlangoni. Nikavuta, kikazidi kukwama. Odeta akainuka, akashika upande wa pili.

"Kilaze ubavu, mdogo wangu. Hivyo. Sasa vuta."

Ndivyo tulivyokitoa, mimi nalia na yeye ananielekeza. Tulipokifikisha nje aliniambia, kwa upole, nimpigie mume wake aje amchukue.

Simu ya Luhende iliita bila kupokelewa; akiwa na mashine ya kuchomelea hasikii kitu. Nikamwachia ujumbe, nikampeleka Odeta akangoje kwenye baraza la jiko, penye kivuli. Nilitaka sana nifidie. Nikamwambia tunayo masaji ya mafuta ya mchaichai na muziki laini.

"Muziki kama ule wa benki, ukipiga simu wakakwambia usubiri?"

"Unafanana kidogo," nilikiri.

Alicheka, mara moja tu, na kicheko kikamuumiza; akashika kiuno. Mama Evelina, aliyekuwa anaparua sato, aliliona lile.

"Shikamoo, mama," Odeta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nani alikukanda?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Mama mkwe alikuja na siagi na unga wake, akae nami mpaka nipate nguvu. Mtoto alipofariki, kesho yake akafunga unga, akaondoka. Alisema anakandwa mwenye mtoto. Simlaumu, mama. Nadhani hakujua mikono yake aiweke wapi."

Mimi nilijua kukandwa kwa kuona nyumbani kwetu Muleba, dada yangu alipojifungua: bibi, maji ya moto, milango imefungwa, na kelele za kuomba huruma. Sikuwahi kufikiri kwamba yupo mzazi anayenyimwa.

Mama Evelina aliweka kisu chini. "Mimba ulibeba miezi mingapi?"

"Tisa."

"Ulipasuliwa?"

"Hapana."

"Damu imekoma?"

"Imekoma."

"Basi wewe ni mzazi ambaye hajakandwa." Akanigeukia. "Prudencia, bandika sufuria kubwa."

"Mama, mimi naondoka," Odeta alisema. "Namsubiri mume wangu."

"Msubiri ukiwa umekandwa. Kwani kuna foleni?"

Nilimwangalia Odeta. Angeweza kukataa, na mimi nisingemzuia. Alitazama ziwa, akatazama mvuke uliokuwa umeanza kupanda, kisha akavua viatu.

Tuliingia chumba cha masaji. Sikuwasha muziki. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji na kuyapunguza makali. Mama Evelina alichovya taulo, akalikamua, akaligandamiza kiunoni, tumboni, mapajani. Hakuwa na mkono laini. Odeta alipiga kelele, akamwita mama yake, akaomba tuache, kisha akasema tusiache.

"Alikuwa na kilo ngapi?" Mama Evelina aliuliza, kama anavyoulizwa mzazi yeyote.

"Tatu na robo."

"Mtoto mkubwa."

"Mkubwa! Na masikio ya Luhende yaleyale, yamesimama." Hapo akalia kweli. Mama Evelina hakumwambia anyamaze. Alichovya taulo, akakamua, akaendelea. Mwishoni alimfunga tumbo kwa kitenge, akampa bakuli la uji, na Odeta akalala palepale mpaka saa kumi.

Luhende alifika saa kumi na moja, miwani ya kuchomelea bado shingoni. Alimkuta mke wake ameketi barazani na sisi, akila samaki.

"Nimekuja kukuchukua."

"Siendi. Nakandwa."

Alitugeukia mmoja mmoja. Mama Evelina akamwambia: "Baba, hapa ana siku tatu. Kazi hii inataka wiki. Kwenu atamkanda nani?"

"Nitamrudisha mama."

"Mama alifunga unga wake," Odeta alisema. "Tumwache apumzike."

"Basi utamkanda wewe," Mama Evelina alimwambia Luhende.

"Mimi? Mama, tangu lini mwanaume anaingia kukanda mzazi?"

Ngosha alikuwa anapita na simu ya mgeni, inachuruzika maji. "Fundi, chuma chekundu unakishika kila siku. Leo unaogopa taulo?"

"Wewe kaa na mamba wako!"

Lakini Jumamosi asubuhi alikuja. Alikuwa amenawa mpaka viwiko, kama anayekwenda kanisani. Mama Evelina alimsimamisha mbele ya ndoo, akamwambia achovye. Akaruka.

"Aaa! Haya maji mnamkandia mtu au mnanyonyolea kuku?"

"Kamua. Jaribu nyuma ya mkono wako kwanza. Ukivumilia, naye atavumilia."

Aligandamiza taulo kwa woga, kama anayegusa rangi isiyokauka. Mama Evelina alimshika viganja, akavishindilia chini. Kisha akaviacha, akasogea dirishani. Nami nilitaka kutoka, ila nilikuwa na jagi mkononi na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Ule ujumbe niliuandika mara nne," Luhende alisema, akiwa ameinamia mgongo wa mke wake. "Kila nikifika pale, kidole kinakataa."

"Hapa hakuna kidole. Sema kwa mdomo."

Alikamua taulo ambalo lilikuwa limeshakamuliwa.

"Mtoto wetu alikufa."

"Alikuwa na jina."

"Shimba," alisema Luhende. "Shimba wetu alikufa, Odeta. Nami nikakuacha peke yako naye."

Odeta alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akatafuta mkono wake, akaupata, akaubana juu ya kiuno pale panapouma. Walikaa hivyo muda mrefu. Nje, watoto wa mgeni mmoja walikuwa wanashindana kujitupa ziwani kutoka gatini.

"Taulo limepoa," Odeta alisema.

Luhende alifuta pua kwa bega, akanipokea jagi, akaenda mwenyewe jikoni kuongeza maji.