Waya wa Chumba cha Eda

Mzee Abdulmajidi aliacha neno moja kabla hajakata roho: harusi ya mwanawe Sultani isisogezwe. Alikwisha kupeana mkono na Mzee Ramadhan, jirani yao wa nyuma na baba wa bibi harusi, na hakutaka mkono wake uvunjwe na kifo. Watu wakazika, wakasoma hitma, na tarehe ikabaki palepale.

Aliyekwama ni mjane, Bi Mwanvua. Alikuwa katika eda. Asingeweza kutoka nje wala kuonana na wanaume wasio maharimu wake, na Sultani ndiye kitindamimba wake.

"Nitasikia kwa masikio," alisema. "Nyumba si hiyo hapo nyuma?"

Hajira, binti yake, aliisikia sauti ile ilivyopungua mwishoni, akaanza kufikiri.

Hajira alisomea kompyuta chuoni Dar es Salaam, akarudi Singida kufungua chumba cha intaneti mbele ya nyumba yao. Alikuwa mpole kupita kiasi. Mteja akipaza sauti kidogo, yeye alijibu huku anaitazama kibodi. Fedha za mitambo ya kumwonyesha mama harusi hakuwa nazo, lakini kebo ya mtandao ilikwisha kupita juu ya bati hadi kwa Mzee Ramadhan, maana nyumba hizo mbili zilichangia laini moja ya intaneti. Kadi ya televisheni, ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta ili ipokee picha za kamera, aliagiza iliyotumika kutoka Kariakoo. Programu alipewa bure na rafiki wa chuo. Kamera ilikuwa ya Simeoni, kijana wa Ihanja aliyepiga video za harusi mji mzima kwa kanda kubwa za zamani.

"Dada Hajira, si uvute tu waya wa kamera mpaka kwa mama?" Simeoni aliuliza.

"Nimejaribu. Ukirefuka hivyo, picha inafika imekufa. Huu wa mtandao tunao tayari, unafika mzima."

Walipojaribu, kamera na kompyuta moja zikiwa kwa Mzee Ramadhan, picha ilitokea kwenye kompyuta ya pili chumbani kwa Bi Mwanvua, ndogo, yenye chenga, ikionyesha pua ya Simeoni.

"Mbona pua imemtangulia mwenyewe?" Bi Mwanvua akasema, akacheka. Tangu mazishi alikuwa hajacheka.

Aliyenuna ni shangazi Saada, dada wa marehemu, aliyejitwika kazi ya kuilinda eda ya wifi yake.

"Na wao wanamwona?"

"Hapana, shangazi. Huku hakuna kamera."

"Huo waya si unatoka kwa wanaume?"

"Unatoka kwao, ndiyo, lakini..."

"Basi. Mlango ni mlango. Anayetoka aweza pia kuingia."

Hajira hakuwa na ubavu wa kubishana na shangazi. Siku ya harusi, baada ya adhuhuri, aliacha picha ikionekana vizuri, akaenda uani kuwaamkia wageni. Huku nyuma shangazi Saada akatenda alichoona ni haki. Lile sanduku la kompyuta, ambako waya uliingilia, alilizungushia kaniki, juu yake blanketi, akafunga fundo kama la mbeleko. Kioo alikiacha wazi, maana mwenye harusi ni mtoto wa wifi yake, naye hakuwa katili.

Bati lilikuwa linawaka jua. Sheikh alipoanza kusoma hotuba ya ndoa, kompyuta ilijizima.

Hajira aliitwa mbio. Alipofungua blanketi, joto likampiga usoni kama la chungu kilichofunuliwa.

"Shangazi, hii inapumua! Umeiziba pua."

"Ningejuaje? Inapumua, nayo si kiumbe?"

Bi Mwanvua hakulaumu mtu. Alivuta tu ushungi wake, akasema, "Acha, mwanangu. Mungu hajapanga."

Hilo ndilo lililomwinua Hajira. Ilibidi mashine ipoe kwanza kabla ya kuwashwa, na sheikh asingesubiri bila kuambiwa. Akakatiza uchochoro mpaka kwa Mzee Ramadhan, akasimama mlangoni pa sebule iliyojaa kanzu. Vichwa vyote vikageuka.

"Shikamooni," alisema. "Mama anaomba... mnaombwa msubiri."

Sultani akasimama nusu. Mzee Ramadhan, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umeushika wa mkwewe, akauachia.

"Mama yake ana pingamizi?" sheikh aliuliza.

"Hana, sheikh! Kompyuta yake imezimika. Anataka kumwona mwanawe akijibu."

Mtu mmoja akaangua kicheko, kikaenea.

"Bwana harusi," sheikh akasema, "umesubiri miaka yote hiyo. Msubiri na mama." Akaomba maji ya kunywa.

Hajira alirudi, akaipepea mashine kwa kawa hadi ikapoa, akaiwasha. Shangazi Saada, safari hii, alitandaza kaniki kwa mikono miwili mbele ya lile sanduku, bila kuligusa, ili kama yuko wa kuchungulia, akutane na kitambaa. Picha ikarudi, nyeusi na nyeupe sasa, rangi imepotelea njiani. Hajira akafungua dirisha, akawapungia wa upande wa pili kwamba waendelee.

Sultani alionekana amekaa, shingo imeinama, midomo imebana.

Mara vigelegele vikalipuka nyumba ya nyuma.

"Wanashangilia nini?" Bi Mwanvua akashtuka. "Mbona hajajibu?"

Hajira alijua. Picha ilichelewa njiani. Kule mambo yalikwisha kuisha, kaka yake ameshaoa.

"Subiri, mama," alisema, akamshika mkono. "Mtazame."

Kwenye kioo, Sultani akainua uso. Midomo ikafunguka: amekubali. Bi Mwanvua akaifuata midomo ile kwa midomo yake mwenyewe, neno kwa neno, machozi yakimwendea kidevuni.

Mwenye eda hapigi kigelegele. Shangazi Saada akatupa kaniki, akampigia chake, kirefu, peke yake, wakati nyumba ya pili ilikwisha kunyamaza na watu wanaanza kula.