Kengele Iliyonyamaza

Kazini walimwita Hakikisha, maana hata akipewa chai huchungulia kwanza kikombeni. Na siku hiyo, haki ya Mungu, alikuwa na sababu. Mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri, na kengele haijalia hata mara moja.

Kengele ile ina kazi moja tu. Kule bwawani kuna kipimo kinachotuma kina cha maji kupitia waya mkuukuu, na mwisho wa kila ujumbe kinabandika tarakimu ya ulinzi. Kikituma nne, saba, mbili, jumla ni kumi na tatu, basi kinachukua tarakimu ya mwisho ya jumla, kinamalizia na tatu. Mtambo wa huku kwenye chumba cha zamu unajumlisha upya. Hesabu zikipishana, ujumbe umeharibika njiani: kengele inalia, na mtambo unaomba utumiwe tena.

Mvua ikinyesha, waya ule hulewa, na kengele hulia mpaka watu wanaitukana. Leo kimya, na kioo cha mtambo kimeganda kwenye nne, saba, mbili ya asubuhi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Hakikisha akawaza.

"Shemeji, kengele ina nini?"

Mkuu wa zamu, mume wa dada yake, hakuinua macho. "Si waya umetengenezwa? Shukuru Mungu, unywe chai."

"Umetengenezwa na nani? Mbona fundi sijamwona?"

"Una kiherehere, shemeji! Kesho wanakuja wakaguzi, na taarifa ya matengenezo nimeshaitia saini. Usinichimbe."

Akatoka nje kupokea simu. Hakikisha akarukia kiti cha shemeji, akafungua mipangilio ya mtambo. Mtu ameuamuru: ujumbe ukiharibika, usilie, usiombe tena, onyesha ule wa mwisho uliofika salama. Yaani funika kombe mwanaharamu apite, na kombe lenyewe ni bwawa zima!

Akairudisha amri ya zamani. Kengele ikalia. Mtambo ukaomba, ukapokea uchafu, ukalia, ukaomba tena. Hatimaye ujumbe mmoja ukapenya: tisa, sita, nane, na tatu nyuma yake. Akajumlisha mwenyewe kwa vidole, kwa kuwa ndiye Hakikisha. Ishirini na tatu. Sahihi kabisa, na maji yameshapita mstari mwekundu wa hatari.

Shemeji akaingia mbio. "Zima hiyo kengele! Unataka nifukuzwe?"

Hakikisha alikuwa na simu sikioni, akimpigia dada yake, anayeishi bondeni chini ya ukuta wa bwawa, mlango kwa mlango na mama yao.

"Dada, tokeni sasa hivi!"

"Mbona tumeshatoka tangu asubuhi? Mume wangu katuhamisha na vyombo vyote. Kasema nisikwambie, utazua taharuki."

Hakikisha akamgeukia shemeji yake. Yule bwana akaangalia sakafu. Hakikisha akairudia simu.

"Na mama?"

Dada akajibu: "Mama kagoma. Kasema haendi popote. Kasema, 'Kama maji yangekuwa yanakuja, mwanangu aliye mtamboni angeshanipigia.'"

Hakikisha akavunja kioo cha king'ora cha kuwaonya watu wa bondeni kwa kiwiko, akabonyeza, na hakuutoa mkono wake pale.