Nge wa Bahiga

"Nge! Jamani, nge!"

Sauti ilikuwa ya Bahiga. Mstari wa asubuhi ulivunjika papo hapo. Wasichana waliruka, wakakanyagana, wakang'ang'aniana, viatu vikabaki uwanjani bila wenyewe, na mwalimu wa dini akajikuta juu ya benchi ameshikilia pindo la kanzu yake. Mimi nilikuwa mbele ya shule nzima, kando ya mlingoti wa bendera, na mkono wa Nadra ulikuwa umeshanyooshwa nusu kunielekea. Nadra aliurudisha akatimua mbio. Nami nikatimua zangu. Sijapata kukimbia kwa furaha kama siku ile.

Nge hakuwepo. Mlinzi wa shule aligeuza kila jiwe na kuchokoa kila ufa wa ukuta kwa kijiti, akaambulia mende mmoja mkavu. Kufikia saa ya somo la kwanza, shule yote ilishajua kwamba Bahiga ametuchezea, na kwamba mkuu wa shule amemwita ofisini ili amfukuze.

Siwezi kueleza kilichotokea bila kumtaja baba yangu. Baba aliuawa majira ya baridi ya mwaka ule, kwenye mtaro wa maji, kwa ugomvi wa zamu ya kumwagilia miwa. Aliyempiga risasi alikuwa ami yake Nadra, na Nadra alisoma darasa moja na mimi. Muuaji alikimbilia milimani. Nyumbani kwetu hapakujengwa hema la matanga wala haikupikwa kahawa. Bibi, mama yake baba, aliwakataza wanawake kulia kwa sauti, kisha akakaa mlangoni akiwarudisha wote waliokuja kutoa mkono wa pole. Kwetu mtu akiuawa, watu wake hawapokei pole mpaka damu yake ilipwe. Ukiipokea umetangaza kwamba yamekwisha, na wanaume wa nyumba yako watachekwa mpaka waingie kaburini.

Wa kulipa alikuwa kaka yangu Hamam, ambaye ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinachomoza. Mama alimzungusha: leo anaumwa, kesho hakuna risasi, kesho kutwa ni siku tukufu. Aliomba tu siku zipite. Tuliishi juu ya ukimya huo, na sote tulijua kwamba neno moja mahali pabaya lingemtoa Hamam nje na bunduki.

Kijiji kizima kilijua hayo isipokuwa Ustadhi Shauki, mkuu wetu mpya wa shule. Alikuwa mtu wa Iskandaria, mji wa mbali wa pwani, wa moyo safi, na mpenda hotuba.

Bahiga alikuwa wa mwisho darasani, tena wa mwisho kwa mbali. Ukimwuliza nusu ya robo ni ngapi, alikutazama kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye uliyepotewa. Walimu walimwita kichwa maji mbele ya uso wake, naye alitabasamu ili wasione vibaya kwa kumtukana. Alikuwa anarudia darasa. Akianguka tena, kanuni ilikuwa wazi: anatoka shuleni, na binamu yake alikuwa ameshaanza kujenga chumba cha kumwoa.

Aliyemtazama kwa jicho jingine alikuwa Abla Dawlat peke yake. Abla, ndivyo tulivyowaita walimu wa kike. Huyu alitufundisha hesabu, alitoka mji wa jirani, na hakuwa mtu wa mzaha. Siku moja Bahiga alimfuata mezani kabla ya somo.

"Abla, leo usimwite Sabah ubaoni."

"Kwa nini?"

"Basi tu, Abla. Mwite kesho."

Abla hakumwita. Baadaye tuligundua kwamba gauni la Sabah lilikuwa limechanika mgongoni, na hakuwa na jingine. Siku nyingine Bahiga alisukuma mkate wake mbele ya msichana fulani akilalamika kwamba una mchanga, amalizie yeye kama meno yake ni ya chuma. Msichana yule alikuwa hajala tangu jana yake. Hakuna aliyemwambia Bahiga hayo. Polepole nikaona kwamba Abla Dawlat, akiingia darasani, humtupia Bahiga jicho kwanza, kama mtu anayechungulia dirishani kujua hali ya hewa, ndipo huanza kufundisha. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na hakuwahi kunitazama hivyo. Niliona wivu, wivu wa kweli.

Asubuhi ile Ustadhi Shauki alikuwa amesimuliwa habari za damu na mtu aliyemsimulia nusu. Baada ya wimbo wa taifa aliniita mbele, kisha akamwita Nadra. Akasema sisi ni mabinti wa nchi moja, maji ya mto mmoja yametulea, na wakubwa wana la kujifunza kwetu. Machozi yalimlengalenga. Kisha akasema, "Nadra, mpe mwenzako mkono wa pole. Nawe Insaf, upokee. Yaishe leo."

Nikiushika mkono ule, kabla ya adhuhuri bibi angeambiwa kwamba mjukuu wake ameuza damu ya mwanawe, na Hamam angelazimika kuonyesha kwamba nyumba yetu haijauza kitu. Nikiukataa, nimetangaza vita mbele ya watoto wa pande zote mbili, na Hamam angetoka vilevile. Nadra naye alijua. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alianza kunyoosha mkono kwa sababu ameamriwa, na mimi sikuwa na pa kwenda.

Ndipo Bahiga alipomwona nge wake.

Ofisini nilipelekwa na mimi, kama shahidi. Msichana mmoja alikuwa amevunjika jino katika zile mbio, na Ustadhi Shauki alikuwa akitembea huku na huko nyuma ya meza.

"Ulimwona wapi?"

"Pale, Ustadhi."

"Pale wapi?"

"Alikuwepo, akaenda zake."

"Akaenda zake! Kichwani hamna kitu, na sasa ulimi nao umejaa uongo. Leo leo unarudi kwenu, na usikanyage tena hapa."

Bahiga aliinamisha kichwa. Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi. Lakini kumtetea kulikuwa ni kutamka kwa ulimi wangu, mbele ya mtu wa serikali, kwamba kaka yangu anangojewa aue. Bahiga alinigeukia akatikisa kichwa kidogo sana, kunikataza.

Abla Dawlat aliingia bila kubisha hodi, mikono yake ingali na vumbi la chaki. Alimweleza mkuu wa shule kwa maneno machache maana ya mkono alioutaka. Ustadhi Shauki alikaa chini.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Haya hayasemwi. Nayasema mimi kwa kuwa sina ukoo hapa." Alishusha pumzi. "Sasa fikiria, Ustadhi. Insaf angeondoka pale, amekataa mbele ya watu. Nadra angerudisha mkono, kwao wangesema ameogopa. Kila mlango ulikuwa na aibu yake. Lakini nge? Nge kila mtu humkimbia, na hakuna anayechekwa. Msichana huyu ametafuta kitu ambacho wote wawili wangeweza kukikimbia, na amekipata kabla hujafunga kinywa chako. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwenu. Nimesoma mpaka chuo kikuu, na sikupata kitu."

Ustadhi Shauki alimgeukia Bahiga.

"Ulifikiri yote hayo?"

"Sikufikiri, Ustadhi," Bahiga alisema, akiangalia vidole vya miguu yake. "Niliona tu shingo ya Insaf imesimama mishipa."

Hakumfukuza. Alikuwa mwungwana, akaomba radhi, kwangu na kwake. Lakini tulipokuwa tunatoka alimwuliza Abla Dawlat, bila kebehi, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Na hili nitampa alama katika somo gani?"

Abla Dawlat alimshika Bahiga bega, akamrudisha darasani.

Hamam yu hai mpaka leo. Ana kitambi, anawalalamikia wajukuu magoti yake, na hajapata kumwua mtu. Ami yake Nadra alifia hukohuko milimani kwa homa, na mambo yakazikwa pamoja naye. Nikimwona kaka yangu amesinzia kivulini, mdomo wazi, humkumbuka Bahiga.

Miezi iliyobaki Abla Dawlat alibaki na Bahiga kila siku baada ya masomo, nami nilibaki nao kusaidia. Mtihani ulikuwa mmoja kwa nchi nzima, na hakuna mwalimu aliyeweza kuongeza hata nukta. Abla alijaribu kila njia. Alimpa mkate mmoja augawe kwa ndugu wanne.

Bahiga alifikiri sana. "Wanaelewana?" akauliza.

"Hilo si swali, Bahiga. Gawa."

"Kama kuna mmoja amenuna, Abla, nikigawa sawasawa atasema amedhulumiwa. Bora mkubwa aanze kumpa yeye."

Abla Dawlat aliweka chaki chini akafunika uso kwa viganja. Nilidhani anacheka.

Bahiga alianguka. Hesabu, sayansi, hata jiografia.

Siku baba yake alipokuja kumchukua, tulikuwa tumejazana langoni. Alikuwa mkata miwa, mwembamba, mwenye kanzu iliyofuliwa kwa ajili ya siku ile, na ng'ambo ya barabara wanaume wa duka la chai walikuwa wamegeuza viti watazame. Abla Dawlat alitoka akamwendea. Alikuwa ameamua kwamba mtu huyu lazima aambiwe, na alisema kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Mzee wangu, nimefundisha miaka mingi. Binti yako ana akili kuliko wote waliopita mikononi mwangu."

Yule baba alimtazama, akatutazama sisi, akatazama duka la chai. Shingo yake ilisimama mishipa.

"Abla, ameanguka, tumekubali," alisema. "Lakini usitucheke mbele za watu."

"Sikucheki, wallahi. Nasema kweli, binti yako..."

Mtu mmoja dukani alikohoa kicheko. Uso wa baba ulibadilika rangi, na Bahiga akauona. Aliona uso wa baba yake na uso wa Abla, akaona ya kwamba Abla ataendelea, na kila neno litazidi kumvua nguo yule mzee. Akapasua cheko kubwa, akamshika baba yake mkono.

"Anatania, baba! Abla wetu kwa utani humwezi. Twende zetu."

Kisha akamgeukia Abla Dawlat, akamkazia macho, akimwomba.

Abla Dawlat, ambaye hatukuwahi kumsikia akifanya mzaha, alicheka.

Mabega ya mzee yalishuka. Alicheka na yeye, akaweka mkono kifuani kuaga kwa heshima, na duka la chai likageuza viti. Waliondoka kwa njia ya kando ya mfereji, Bahiga nyuma kidogo ya baba yake, akimsimulia jambo fulani kwa mikono yote miwili ili asiache kucheka. Abla Dawlat aliendelea kutabasamu mpaka walipopinda kwenye miwa. Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi, akatuambia tuingie darasani.