Jina Kwenye Kidirisha

Kila siku nikitoka kazini nafanya mambo yale yale. Navua viatu mlangoni, nabandika maharage, nafunga nywele kwa kitambaa, kisha naingia gereji kwa Baba kuendelea pale nilipoachia jana. Kutwa nzima huwa nimewageuza na kuwainua wagonjwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo mgongo unachoka kabla kazi ya gereji haijaanza. Siku hiyo sikufika hata jikoni. Baba alikuwa mlangoni amekumbatia kifurushi, kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa.

"Vioo vimefika," alisema. "Achana na maharage, Delfina. Njoo."

Ilikuwa wiki ya tatu nahangaika na vidirisha viwili vya pembetatu vya gari lake, Shevroleti ya mwaka 1950, vile vidogo vya mbele ambavyo unavigeuza ili upepo uingie. Nilikuwa nimevifungua vyote, nimeng'oa mpira uliokauka kama ganda la mkate, nimesugua kutu kwenye fremu mpaka vidole vikatoka damu, nimeziloweka springi kwenye mafuta ya taa. Mikono ya Baba inatetemeka tangu mwaka juzi. Yeye ni mdomo, mimi ni mikono.

Kwetu kijijini Chimayó magari ya namna hii hayauzwi, yanarithishwa. Na katika ukoo wetu mwenye gari huchongwa jina lake kwenye vidirisha hivyo, upande wa kushoto na wa kulia. Babu alichonga lake. Baba alipopewa gari akatia vioo vipya, akachonga *Eliseo*. Sasa alikuwa ameagiza vingine, ili Ijumaa Kuu, magari yakipita polepole barabarani na watu wamejipanga pembeni, kila mtu aone gari limekwenda kwa nani. Hakuwa ameniambia ni nani. Nami sikuwa nimeuliza.

Nikafungua karatasi. Maandishi yalikuwa membamba, mazuri, yenye ua la waridi mwishoni. *Orlando*.

Orlando ni kaka yangu. Anaishi Denver. Hajui hata tundu la kutilia mafuta la gari hilo liko upande gani.

"Imependeza, eh?" Baba aliuliza.

"Imependeza," nikasema.

Ubaldo, jirani yetu, aliingia bila kubisha hodi, maana hajawahi kubisha tangu nizaliwe.

"Eliseo! Bado hujamaliza? Hili gari Yesu atarudi alikute juu ya mawe."

"Akirudi atalipanda. We utabaki unatembea kwa miguu."

Ubaldo akacheka, akainama kusoma kioo, akaacha kucheka. "Orlando? Atalipeleka wapi, kwenye theluji? Mwenzio ana gari la kuchaji kama simu."

"Mwana wa kiume ni mwana wa kiume. Baba yangu alinipa mimi, hakumpa dada yangu."

"Dada yako alikuwa hajui spana na kijiko vina tofauti gani," alisema Ubaldo, akanitazama kidogo. Nikajifanya natafuta wembe.

Alipoondoka nikaanza na upande wa kulia. Nilikunja utepe wa mpira kwenye ukingo wa kioo, nikaulainisha kwa maji ya sabuni, nikausimamisha mdomo wa fremu juu yake. Hapo hakuna nguvu, kuna uvumilivu. Unaweka kipande cha ubao, unagonga kwa nyundo ya mpira, kidogo huku, kidogo kule. Ukiwa na haraka kona inapasuka.

"Polepole," Baba alisema. "Kona ya chini. Usiionee huruma, lakini usiitishe."

"Nimesikia, Baba."

"Umechoka?"

"Sijachoka."

Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno. Kioo kilikaa. Nikakata utepe uliozidi kwa wembe, nikatia fremu mlangoni, nikakaza nati ya chini juu ya springi. Kidirisha kikageuka kwa kidole kimoja na kusimama pale nilipokiacha. Baba alikigeuza mara sita, saba, akitabasamu peke yake. Jina la kaka yangu likawa linakwenda na kurudi.

Kisha kioo cha kushoto. Nilikiweka juu ya fremu kupima, nikakitazama, nikakigeuza, nikakitazama tena.

"Nini?"

"Fundi amechonga vyote kwa upande mmoja. Hiki kikiingia hapa, jina linasomeka kinyume. Mtu wa nje ataona herufi zimegeuka."

Baba alisogeza uso karibu. Akashusha pumzi na kuketi juu ya ndoo.

"Kosa langu. Nilimpelekea kioo kimoja cha mfano. Nikaona pembetatu ni pembetatu." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Siku kumi na mbili zimebaki. Kirudishe kesho. Chukua karatasi umwandikie jina kwa herufi kubwa, na mshale uonyeshe nje ni wapi, asikosee tena."

Nilichukua kalamu na karatasi, nikaziweka juu ya boneti. Nikachora pembetatu ya kushoto. Nikachora mshale. Mkono ukasimama.

"Andika basi, binti. Umesahau jina la kaka yako?"

"Sijasahau."

"Sasa?"

Nikachora pembetatu ya pili, ya kulia. Baba akainuka kwenye ndoo.

"Hiyo ya nini? Ya kulia si iko sawa?"

"Nitaitoa," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, nikaona nisipoikaza itapotea. "Nitatoa ile niliyoitia leo, nianze upya zote mbili. Aandike Delfina. Nalitaka mimi gari hili, Baba. Nalitaka tangu nina miaka tisa."